Mwenyekiti Aliyegawa Vikapu Avignon

Jumamosi, tarehe 7 Machi. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa kubeba mchanga na kuuingiza mpaka ndani ya chai. Upande wa milima ya Loima kulikuwa na wingu. Tuliliangalia, likaondoka.

Leo kundi letu la kusuka vikapu limekaa kuamua nani aende Ufaransa: Mwenyekiti kwa mara ya pili, au Nakiru kwa mara ya kwanza. Nataka kuandika yaliyotokea, lakini nikianza na mkutano nitamwonea Mwenyekiti, na mimi sipendi kumwonea mtu hata kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Kwa hivyo nitaanza na yeye mwenyewe. Shule niliachia darasa la saba, basi mpangilio utakuwa wa kuokoteza.

Kundi letu ni la akina mama wa Lodwar na Kakuma, na mwenyekiti wake ni mwanamume. Wageni wote huuliza hilo. Jibu ni kwamba tulipoanza, ofisi ya kusajili makundi ilitaka mtu wa kuongea ofisini, na yeye alikuwa amekaa nje akingoja mambo yake mengine. Tukamwomba aingie nasi. Aliingia, akaongea, na mpaka leo hajatoka. Kusuka hajui. Niliwahi kumwona akijaribu kupasua jani la mkoma, ule mti tunaosukia, akajikata kidole, akasema majani ya mwaka huo yalikuwa mabaya.

Lakini niseme na hili: ofisini anaongea vizuri. Sisi tukiingia tunaambiwa turudi kesho. Yeye akiambiwa arudi kesho, anakaa chini pale pale kwenye kigoda chake kidogo cha kiturkana na kusema, "Sawa, nitaingojea kesho hapa." Karatasi inapatikana siku hiyo hiyo.

Safari yake ya Ufaransa ilikuja miaka iliyopita. Mji mmoja wa zamani huko, Avignon, ulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono, na wenye maonyesho wakaomba kundi letu litume mtu mmoja na vikapu. Hakuna mwanamke kati yetu aliyekuwa na pasipoti. Yeye alikuwa nayo, ya enzi alipoendesha malori ya kupitia Lokichoggio kwenda Sudan Kusini. Akasema, "Mnaona? Mungu hupanga." Nakiru, ambaye alikuwa amesuka karibu nusu ya vile vikapu, alisema, "Mungu ama dereva?" Lakini alisema huku anafunga mzigo.

Alikaa Avignon siku chache, hata Jumapili mbili hazikumkuta huko. Tangu arudi hajarudi kabisa.

Kuna ile skafu. Alipewa na mama mmoja wa kule aliyemwona akitetemeka kwa baridi. Ni ya sufu, rangi ya damu ya mzee, na Mwenyekiti anaivaa Lodwar saa saba mchana, wakati hata mbuzi wamelala chini ya malori. Ukimuuliza kama hasikii joto anasema, "Mwili ukishazoea Ulaya, hapa ni vuguvugu tu." Jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Mimi sijui, pengine mwili wa mtu unazoea haraka. Wangu haujawahi kuzoea hata Kitale.

Kuna kahawa. Kwenye hoteli ya karibu na stendi aliagiza kahawa nyeusi katika kikombe kidogo, bila sukari. Msichana wa hoteli akamwambia vikombe ni vya saizi moja. Akasema basi ijazwe robo. Akaletewa robo, akalipa bei ya kikombe kizima, akainywa mbele yetu huku uso umekunjika kama aliyemeza mwarobaini. "Hivi ndivyo inavyonywewa," akasema. Tulipoinuka nilisahau leso yangu, nikarudi. Nilimkuta anakoroga vijiko vya sukari. Aliniona, akaendelea kukoroga. Sikumwambia mtu. Naandika hapa tu.

Na kuna daraja. Avignon kuna daraja la mawe, anasema, la tangu zamani za kale, linaloingia mtoni na kuishia katikati ya maji. Mafuriko yalilibomoa, wakachoka kulijenga, wakaliacha. Watu hulipa kiingilio ili walipande.

"Wanavuka kwenda wapi?" Nakiru alimuuliza siku ya kwanza.

"Hawavuki. Limekatika."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanaenda mpaka mwisho, wanaangalia maji, wanarudi."

"Wanarudi na nini?"

"Na picha."

Nakiru alitafakari, akatema tumbaku pembeni. "Hapa kwetu daraja likikatika tunamtukana mheshimiwa. Huko wanamlipa."

Tulicheka mpaka mama mmoja akadondosha mtoto wa mwenzake. Mtoto hakuumia. Mwenyekiti alikasirika, akasema sisi hatuna historia. Hapo alitukosea, historia tunayo. Ila ni kweli hatujawahi kuitoza kiingilio.

Halafu kuna mambo ya Papa. Mwenyekiti alisema kanisani kwamba aliingia katika nyumba ya Papa, nyumba kubwa kama mlima, na ndani hakuna hata kiti. Katekista akamwambia mbele ya watu Papa anakaa Roma, na kila mtoto wa komunyo ya kwanza anajua hivyo. Watu wakamcheka wiki nzima. Na mimi nilicheka, tena nilicheka sana, maana nilikuwa na hasira naye kwa jambo lingine. Padre aliporudi kutoka Kalokol nilimuuliza. Akasema ni kweli, zamani Mapapa walikaa Avignon miaka mingi, na ile nyumba ipo. Ikabidi nimeze kicheko changu. Nilimwendea Mwenyekiti nikamwambia padre amesema yuko sahihi. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Padre amefika huko?" Nikasema sijui. "Basi yeye anasikia tu. Mimi nimeshika ukuta."

Ndivyo alivyo. Ukimpa haki yake anaitaka na ya jirani.

Sasa Kifaransa. Lodwar hakuna wa kumpinga, kwa hivyo hapa alikisema kwa uhuru. Alisalimia kwa Kifaransa, alikohoa kwa Kifaransa, na mbuzi wake aliwafukuza kwa Kifaransa. Taabu ilikuwa Kakuma, kwa sababu wenzetu wa kambi ya wakimbizi wengi ni Wakongo na Warundi, na Kifaransa wamekinywa na maziwa. Mara ya kwanza alipowaendea na skafu yake, Mama Furaha, anayetuongozea kikundi cha kule, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Papa," akasema, maana ndivyo kwao wanavyomwita baba, "unasemaka luga gani?"

"Kifaransa."

"Eh! Mi nimesoma Kifaransa Bukavu mupaka nikaanza kukifundisha. Ile yako sijaisikiaka."

Mwenyekiti hakutikisika. "Yenu ni ya Kongo," akasema. "Hii ni ya kule kwenyewe, mji wa Mapapa."

Mama Furaha alifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanaruka. Wenzake wakamtaka awatafsirie alichosema. Akasema hawezi, atapasuka. Lakini tangu siku hiyo kila tukienda Kakuma humwekea Mwenyekiti kiti cha mbele, humwita Monsieur, yaani bwana, na humpikia sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. Nilimuuliza kwa nini anamheshimu hivyo. Akasema, "Muntu mwenye hana haya anatufurahisha. Hapa kambini tuko na haya nyingi."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lile lililonitia hasira.

Aliporudi kutoka Avignon tulimpokea kwenye uwanja wa ndege wa Lodwar kwa nyimbo. Alishuka mikono mitupu. Tukafurahi zaidi, maana mikono mitupu ni kusema vikapu vyote vimeuzwa. Tulimkalisha, tukampa maji, tukamuuliza. Naye akatueleza kwa furaha, bila kuficha hata kidogo.

"Walivipenda! Mpaka mchana wa siku ya kwanza hakuna hata kimoja kilichobaki."

"Walinunua vyote?" nikauliza.

"Walichukua vyote."

"Kwa kununua?"

Alituangalia kama watu waliokosa malezi. "Mtu anakuja kwako," akasema. "Anakishika kikapu. Anakigeuza. Anaita mke wake, anasema ni kizuri, ni kizuri. Mke naye anakishika, anasema ni kizuri. Sasa huyo ameomba mara ngapi? Nimnyime? Mnataka niitwe mchoyo nchi za watu?"

Na hapa ndipo naona ugumu wa kuandika kwa haki. Kwetu ni kweli kabisa. Mtu akikishika kitu chako na kukisifu mbele yako, ameshakuomba, na wewe ukijifanya hujasikia utasemwa mpaka wajukuu. Ningekuwa mimi pale mezani, Mzungu akasifu kikapu changu na kumwita mkewe, sijui ningefanya nini. Nadhani ningetoa. Nadhani ningetoa viwili kisha nikakumbuka.

Yeye hakukumbuka. Mama aliyesimamia maonyesho alimkimbilia kumweleza, Mwenyekiti akadhani naye anataka, akampa kile kikubwa cha mfuniko kilichomchukua Nakiru msimu mzima wa kiangazi. Watu wengine walirudi na pesa mkononi. Aliwakatalia, tena kwa hasira. Zawadi hairudishiwi bei.

Nakiru alisimama, akajikung'uta mchanga, akamwambia, "Mzee, umekuwa mkarimu sana kwa mikono yangu." Akaenda nyumbani. Hakusuka mwezi mzima.

Haki inanilazimu niongeze kitu, ingawa kinaharibu hasira yangu. Mwaka wa ule ukame mbaya, huyu mtu bado alikuwa dereva. Alijaza lori la tajiri wake mitungi ya maji badala ya mzigo uliotakiwa, akaiteremsha kwa watu waliokuwa wamelala kando ya barabara ya kwenda Kakuma. Alifukuzwa kazi. Hilo nililisikia kwa mtu aliyekunywa maji yale, si kwake. Yeye mwenyewe hajalitaja hata mara moja. Siku chache za Ulaya anazihubiri kila wiki, na jambo la maana alilofanya hapa amelitupa kama ganda. Nimejaribu kumwelewa nikashindwa. Pengine anaona kugawa maji ni kawaida. Pengine anaona kugawa vikapu pia ni kawaida, na sisi ndio wa ajabu.

Basi mwezi uliopita ilikuja sauti kwenye simu ya kundi, kwa Kifaransa. Tukaipeleka Kakuma kwa Mama Furaha. Mwenyekiti alikuja nasi, akakaa kiti cha mbele, na sauti ilipoanza akawa anaitikia kwa kichwa, mm, mm, kama mtu anayepewa habari za nyumbani.

Mama Furaha alisimamisha simu. "Monsieur, amesema nini?"

"Amenisalimia."

Mama Furaha alirudisha nyuma, akasikiliza. "Ni kweli," akasema, "amemusalimia." Na sauti ilivyoendelea akatueleza yote. Yule mama wa maonyesho anasema watu wa kule bado wanauliza habari za bwana aliyegawa vikapu. Wengine wameviweka sebuleni, hawaruhusu mtu kuvigusa. Sasa wanataka kundi letu tena, mtu mmoja, na safari hii watalipia vikapu kabla havijaondoka Lodwar, kuepuka mambo. Angefurahi aje anayesuka, watu waone mikono ikifanya kazi. Lakini kama ni yule bwana, pia watampokea. Tuamue wenyewe.

Mwenyekiti alisimama, akapanga skafu. "Wameniita," akasema.

Nakiru alisema, "Wameita mikono."



Nakiru si mtu mpole, nisije nikamchora kama mtakatifu. Ana mdomo, anatafuna tumbaku, na ukikopa sindano yake atakukumbusha kanisani. Pasipoti aliitafuta mwenyewe, kwa basi mpaka Eldoret, na mashine ya alama za vidole ikakataa vidole vyake kwa sababu majani ya mkoma yamevilainisha vimekuwa kama glasi. Walimwambia arudi vikipona. Akawaambia haviugui, vimefanya kazi. Alirudi mara ya pili ndipo mashine ikakubali kidole gumba. Na macho yake yanaharibika. Kope zinageukia ndani, zinachoma, daktari ameshamkata mara moja. Siku moja tukiloweka majani aliniambia, bila kunitazama, "Mama Ekal, nataka nione nani anavishika, kabla haya macho hayajaniacha. Mwaka mwingine sitahitaji safari, nitaweza kukaa hapa na kuambiwa na Mwenyekiti." Akacheka. Mimi sikucheka.

Leo tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Wenzetu wa Kakuma walifika na gari la asubuhi, wamejaa vumbi mpaka kope. Mwenyekiti alifungua kwa maombi, na ndani ya maombi akamkumbusha Mungu habari za Avignon. Halafu akaongea. Alisema njia anaijua. Alisema baridi inaua, na mwanamke wa Turkana atakufa mlangoni pa ndege. Alisema kule akitokea tu, watu watamkimbilia. Aliongea mpaka watoto wakalala.

Nakiru aliposimama alisema, "Mimi nimesuka. Nataka kwenda." Akakaa.

Mama mmoja akasema, "Mama Ekal aseme. Yeye hana upande." Hilo ndilo jina langu baya. Kukosa upande ni kazi ngumu, na hakuna anayekusaidia.

Nilisimama. Nilianza na haki ya Mwenyekiti. Nikasema kama angeuza vile vikapu vizuri, Avignon wangekuwa wameshatusahau, maana hakuna anayemkumbuka muuzaji. Nikasema alichofanya, nusu yetu tungefanya. Nikasema ofisini hatuna kama yeye. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, mm, mm. Nikaona huruma. Karibu nikae.

Lakini kulikuwa na swali ambalo nimelibeba muda mrefu, na sikulipanga kuliuliza leo. "Mzee," nikasema, "kule watu waliposhika vikapu, waliuliza nani amesuka?"

"Waliuliza sana."

"Ukawaambia nani?"

"Niliwaambia ni sisi."

"Sisi nani?" Nakiru akadakia akiwa amekaa. "Wewe ulisuka kipi?"

Kuna aliyecheka kwa pua. Mwenyekiti aligeuka kuangalia ukuta wa nyuma, ambapo hakuna kitu. Mama Furaha akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Monsieur. Ata jina moja?"

Nadhani alikuwa anatafuta, kwa kweli nadhani hivyo, anatafuta kama kuna hata jina moja alilowahi kulitaja kule. Hakulipata.

Nikasema, "Basi mimi naona Nakiru aende, aseme jina lake mwenyewe." Nikakaa.

Mikono ilienda juu. Iliyobaki chini ilikuwa ya wale waliobeba watoto, na mmoja wao akainua mguu. Mwenyekiti alitazama mikono yote ile muda mrefu. Kisha akakohoa, akasimama wima, akatangaza kwa sauti ya ofisini, "Baada ya kufikiria sana, kama mwenyekiti wenu, nimeonelea Nakiru ndiye aende."

Tulipiga makofi. Tungefanya nini? Nakiru hakupiga. Alikuwa anawaza mbali, na makofi yalipotulia akauliza, "Na huko wanatema tumbaku wapi?"

Wote tukamgeukia Mwenyekiti. Akapanga skafu. Mji mzima wa mawe, na hilo hakuliangalia.

Jua lilipoanza kushuka alikuja hapa kwangu. Alisimama mlangoni. "Ejok, Mama Ekal."

"Ejok, mzee. Karibu."

Aliweka kigoda chake karibu na jiko la makaa, akakalia. Binti yangu akampa maji, akayanywa yote. Nilijua nimekosea mahali fulani, kwa hivyo nikawahi kusema. "Mzee, kama nimekusema vibaya leo, niambie."

"Hukunisema vibaya."

"Basi mbona uko hivyo?"

Alizungusha kikombe mkononi. "Ungenisema vibaya ningekujibu," akasema. "Ungeongeza uongo hata mmoja, mdogo tu, ningesimama nikaushika huo huo mpaka jioni, na wale akina mama wangesahau mengine. Sasa umesema ukweli wote, na ule mzuri wangu umeutanguliza. Nitajibu nini?" Akatazama makaa. "Wewe ni mtu mbaya sana kuwa naye mkutanoni."

Sikujua kama nicheke. Mpaka sasa ninapoandika sijui. Nilimwambia chakula kiko tayari. Akasema ameshiba, amekula kwake. Tulikula ugali na samaki mkavu wa Kalokol aliyepikwa na nyanya, na mboga kidogo za kutoka Katilu. Binti alimwekea sahani ya heshima tu, Mwenyekiti akaimaliza, akaomba kichwa cha samaki.